Mizani, Nyumba na Jina la Mama

Mizani ile ilikuwa ya kutundika, yenye uso wa duara kama saa ya ukutani, na ilining'inia kwenye boriti la banda la makuti lililokuwa hatua chache kutoka ufukweni. Mwaka ulikuwa 1995, nami nilikuwa darasa la nne. Kila bamvua, yaani siku za maji kupwa na kujaa sana, lilipomalizika na mwani kukauka, wanawake wa kijiji chetu, kusini ya Paje katika pwani ya mashariki ya Unguja, walijitwika magunia hadi bandani, wakajipanga kwa zamu, na karani wa mnunuzi akatundika gunia moja moja, akatazama mshale, akataja kilo na kuziandika katika daftari lake. Siku hiyo nilifuatana na mama kwa sababu gunia la pili lilikuwa limemshinda. Mshale ulisimama kwenye 38. Karani akatamka "thelathini na tatu" na kuinama kuandika. Nilimvuta mama upindo wa kanga, nikamnong'oneza kwamba pale pameandikwa thelathini na nane. Nilitarajia aninyamazishe, lakini alisema kwa sauti iliyosikika na wote waliokuwa nyuma yetu: "Bwana karani, mtoto anasoma thelathini na nane. Nipimie tena."

Gunia lilitundikwa tena, na safari hii daftari liliandikwa 38. Hakuna aliyeomba radhi na hakuna aliyegombana. Lakini kuanzia siku hiyo, kila mwani ulipopimwa, wanawake walituma watoto kuniita, nikasimama pembeni ya mizani kwa miaka mitatu au zaidi, nikiwasomea mama zangu na shangazi zangu kilo za jasho lao.

Nimelifikiria sana tukio hilo tangu nilipokuwa mwalimu, na kila ninapolikumbuka kuna jambo ambalo zamani sikuliona. Mama hakuwa mtu asiyejua kusoma. Alihitimu msahafu angali kigori, na hadi leo anausoma kwa sauti inayomfanya jirani asimame mlangoni kusikiliza. Tarakimu alizozijua ni zile za Kiarabu zilizomo katika msahafu, zinazohesabu aya, ambazo kwa hizo angeweza kusoma mizani yoyote. Mizani ya mnunuzi ilikuwa na tarakimu za skuli. Watu wengi wanapopita vijijini kwetu kuandikisha nani amesoma na nani hakusoma, wanawake wa aina yake huandikwa katika safu ya wasiosoma, na hapo ndipo makosa yanapoanza, kwa sababu mtu anayechukuliwa kuwa mtupu hujazwa tu chochote kilichopo, ilhali mtu anayejulikana kuwa na chake huulizwa kwanza amepungukiwa na nini. Mama alikuwa amepungukiwa na tarakimu kumi. Zingeweza kufundishwa kwa siku mbili.

Kilimo cha mwani kilianza kwetu kibiashara mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Kabla ya hapo wanawake wa pwani hii walikuwa wakifukia makumbi ya nazi katika matope ya bahari, wakayafukua baada ya miezi, wakayapiga kwa magogo na kusokota usumba kuwa kamba, kazi ya kuumiza viganja kwa malipo ya senti. Mwani nao si kazi nyepesi. Mtu huinama katika maji yaliyokupwa kwa saa nne au tano, akifunga mbegu moja moja kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vigingi, jua likimpiga mgongoni na chumvi ikimla vidole, kisha husubiri wiki sita au zaidi kidogo kabla ya kuvuna, na kilo saba au nane za mwani mbichi zikikauka hubakia kama kilo moja. Hata hivyo zilikuwa fedha zilizomfikia mwanamke mkononi mwake mwenyewe, na kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza. Leo Zanzibar ina wakulima wa mwani zaidi ya 20,000, na katika kila 10 kiasi cha 8 ni wanawake. Sioni kazi nyengine iliyobadilisha nafasi ya mwanamke wa pwani kwa kasi kama ile, na haikuanzia darasani.

Kwa fedha za mwani mama alininunulia sare za skuli, akanunua kitanda cha sita kwa sita, akanunua matofali ya saruji kidogo kidogo kila baada ya mauzo, na kufikia mwaka 1998 nyumba yetu ya udongo ilikuwa nyumba ya matofali yenye vyumba viwili, ukumbi na mabati juu. Baba alitoa kiwanja na nguvu za kujenga. Mwaka uliofuata baba akampa mama talaka. Sitaki kulieleza zaidi jambo hilo, kwa kuwa baba ameshatangulia mbele ya haki na alinipenda. Nitakalolieleza ni kwamba mama alitoka katika nyumba ile na kitanda, masufuria yake na cherehani, akarudi kwa kaka yake, na nyumba ikabaki.

Alikwenda kwa kadhi. Nilikuwa na miaka kumi na tano na nilikaa nje kwenye baraza, dirisha likiwa wazi. Aliulizwa kiwanja ni cha nani, akajibu ni cha mume. Aliulizwa ana stakabadhi za matofali, akajibu kwamba yaliletwa na gari na fundi akayashusha, nani alikuwa akiandika? Aliulizwa mashahidi, akataja wanawake wenzake wa mwani, ambao walijua kila shilingi aliyoitoa kwa sababu walikuwa wakipokea fedha pamoja naye siku moja. Shauri hilo liliishia njiani. Dini yetu imempa mwanamke milki kamili ya alichokichuma. Aya ya 32 ya Suratun-Nisaa haiachi shaka kwamba wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma wao. Haki ilikuwepo miaka elfu na mamia kadhaa kabla ya mama kuzaliwa. Kilichokosekana ni karatasi yenye jina lake.

Hapo ndipo nilipopata fikra ambayo sijaiacha. Mimi nilikuwa mtoto niliyesoma, na kusoma kwangu kulimrudishia mama kilo tano katika mizani. Kusoma huko huko hakukumsaidia chochote pale nyumba ilipokuwa inajengwa, kwa sababu katika kijiji chetu ilikuwa aibu kubwa mke kuandikiana na mumewe. Ungemwambia nani? Angeonekana anajiandaa kuachwa. Elimu ilifika hadi ufukweni ikasimama mlangoni, kwa kuwa ndani ya mlango kulikuwa na mila, heshima, na hofu ya maneno ya watu. Tunapozungumza juu ya kumwezesha mwanamke kwa elimu, aghalabu tunahesabu wasichana waliomo darasani. Mimi ningependa tuhesabu pia karatasi zenye majina ya wanawake: daftari la mauzo, hati ya kiwanja, kitabu cha benki, mkataba wa kazi. Namba ya kwanza kwetu imepanda sana. Ya pili inatambaa.

Kiu ya kusoma haikuletwa kwetu na mtu kutoka nje. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, aliyezaliwa katika kasri la Mtoni mwaka 1844, alifundishwa kusoma kama mabinti wengine wa kasri, lakini kuandika hakukuruhusiwa kwa wanawake. Alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipopanga kumpindua ndugu yao Majid, aliyekuwa Sultani, binti huyo wa miaka kumi na tano ndiye aliyeandika barua za wale waliokula njama, kwa sababu tu alikuwa na kalamu. Njama ilishindwa, na sina nia ya kuisifu. Nataka tuone kwamba walioweka katazo lile walijua vyema wanakataza nini. Anayesoma hupokea neno la mtu mwengine. Anayeandika huweka lake, na likishawekwa mtu hawezi kulikana. Mama yangu, karne moja na ushei baadaye, katika kijiji kisicho na kasri wala ngamia, alikuwa amefundishwa kusoma na hakufundishwa kuandika.

Skuli ya kwanza ya serikali kwa wasichana ilifunguliwa mjini Unguja mwaka 1927, na wazee husimulia kwamba wazazi wengi waliogopa mabinti wakijua kuandika watawapelekea wanaume barua. Baada ya Mapinduzi, tarehe 23 Septemba 1964, elimu ilitangazwa kuwa bila ya malipo, na siku hiyo huadhimishwa hadi sasa. Tangazo lile liliondoa kisingizio kikubwa kabisa cha mzazi mwenye watoto watano na fedha za mmoja, ambaye angemchagua wa kiume bila ya kufikiri mara mbili. Matunda yake tunayaona: leo katika madarasa ya sekondari ya Zanzibar wasichana ni wengi kuliko wavulana, na katika darasa langu mwenyewe ninapoita majina asubuhi, sauti zinazoitikia kwa wingi ni zao.

Lakini kufungua mlango ni jambo moja na kumwacha mtu abaki ndani ni jambo jengine. Mwaka 2000, mwenzangu wa dawati, ambaye kwa hesabu alikuwa ananipita mbali, alipata ujauzito tukiwa sekondari. Alifukuzwa wiki ileile. Wakati ule sheria ya mwaka 1985 ilikuwa bado ikifanya kazi, ambayo ilimtisha mwanamke asiyeolewa akipata mimba kwa kifungo cha hadi miaka 2, kwa hiyo hofu ya wazazi wake haikuwa ya skuli pekee. Walimsafirisha kwa jamaa zake Pemba usiku, kama anayeficha mgonjwa wa kuambukiza. Kijana aliyehusika alifanya mtihani wake skuli ileile. Kifungo kiliondolewa mwaka 2005 ilipotungwa sheria mpya, na tangu mwaka 2010 Zanzibar inamruhusu msichana aliyejifungua kurudi skuli, miaka kadhaa kabla ya Tanzania Bara kufanya hivyo mwaka 2021. Nashukuru kwa hilo kwa moyo wangu wote. Katika miaka yangu ya kufundisha nimewapokea wanafunzi wa aina hiyo wawili tu. Sheria inaruhusu, na sijaona mwalimu mkuu aliyekataa; anayekataa ni bibi mwenye nyumba anayeuliza nani atamlea mtoto, ni wenziwe wanaomwita "mama" kwa kejeli wakati wa mapumziko, na ni yeye mwenyewe, anayeona uso wake hauna pa kuuweka. Mwenzangu yule nilikutana naye tena Chake Chake miaka mingi baadaye, akichambua karafuu barazani, anatenganisha makonyo na karafuu kwa vidole vya haraka mno. Alikuwa akihesabu pishi za kila mchambuaji kichwani bila ya kuandika popote, na hakukosea hata moja.

Inanisikitisha kwamba sisi huiona elimu kama njia moja iliyonyooka, ambayo aliyetoka hairudii. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyezaliwa Kizimkazi mwaka 1960, kijiji ambacho kutoka kwetu ni safari fupi ya gari, hakupita katika njia hiyo iliyonyooka. Alimaliza sekondari mwaka 1977, akaajiriwa kazi ya ukarani, akaolewa mwaka uliofuata, na masomo ya juu akayafuata kwa vipande akiwa tayari ni mke na mfanyakazi: Mzumbe katika miaka ya 1980, kisha Manchester katika miaka ya 1990. Wanafunzi wangu humtaja kama mfano wa mtu aliyefika juu. Mimi huwaambia watazame zaidi ile miaka ya katikati, ambapo karani kijana aliyeolewa alirudi tena kukaa darasani, na wajiulize katika nyumba zao nani angeshika mtoto ili mama yao afanye hivyo.

Kuhusu bahari nina mengi zaidi ya kusema, kwa sababu huko ndiko elimu na desturi zinapogongana wazi kabisa. Mwani tunaoulima ni wa aina mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ndio wenye bei nzuri, hata mara mbili ya mwenzake, lakini ndio dhaifu. Maji ya pwani yalipoanza kuwa ya moto zaidi, ulianza kugeuka mweupe na kukatika vipande kabla ya kuvunwa. Nilimwona mama akinyanyua kamba nzima aliyoifunga wiki tatu kabla, ikatoka majini kamba tupu. Dokta Flower Msuya, mtafiti aliyefanya kazi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo hapa Unguja, ametumia miaka mingi katika tatizo hilo pamoja na wakulima wenyewe, na moja ya majibu aliyoyajaribu ni kuuhamishia kotonii maji yenye kina, ukipandwa ndani ya nyavu zilizoshonwa kama mirija, kule maji yanakobaki na ubaridi. Ni jibu zuri, lililotoka kwa mwanamke msomi kwa ajili ya wanawake wanaofanya kazi. Likakutana na ukweli mmoja ambao hauandikwi katika vitabu vya mimea: wanawake wetu hawajui kuogelea.

Msomaji wa mbali atashangaa. Kijiji kizima kipo ufukweni, wanawake wanaingia baharini kila bamvua kwa miaka zaidi ya thelathini, na maji yakiwafika kifuani wanarudi nyuma. Kuogelea kulikuwa mchezo wa wavulana, waliojitupa kutoka kwenye madau tangu wana miaka mitano. Msichana aliambiwa ajisitiri, na nguo ikilowa haisitiri. Chombo nacho ni cha mwanamme. Hakuna mwanamke aliyerithi ngalawa ninayemjua mimi. Kwa hiyo elimu ya kotonii ilipokuja, waliokuwa tayari kwenda maji makubwa walikuwa wanaume, ambao mwani walikuwa wameuita kazi ya wanawake, na wanawake walibaki na spinosamu katika maji ya magoti, kwa bei ya chini. Hapo hakuna aliyekusudia ubaya. Ilitosha tu kwamba mtoto wa kike wa mwaka 1975 hakuruhusiwa kucheza majini.

Nungwi, upande wa kaskazini, wapo vijana waliolianza jambo hili kutoka mwanzo wake, wakiwafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa vazi refu linalofunika mwili na nywele, na walimu wao wakiwa wanawake. Wazazi walikataa, kisha walipoliona vazi wakakubali. Hilo limenifundisha zaidi kuliko semina nilizohudhuria, maana hawakuwataka wazazi waache heshima yao ili watoto wajifunze. Walikaa wakaishonea heshima hiyo nguo inayoweza kuingia majini. Nazungumzia semina kwa sababu nina dukuduku nalo. Mara tatu nimealikwa kuwatafsiria wageni katika mafunzo ya kuwawezesha wanawake wa mwani, na mara zote tatu mafunzo yaliwekwa asubuhi ya bamvua, wakati ambao mkulima yeyote wa mwani yumo baharini. Walikuja waliokuwa na nafasi, wakapewa posho, picha zikapigwa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza mwanamke mmoja maji yanakupwa saa ngapi.

Muda wenyewe ni jambo ambalo sikulijali nilipoanza kazi. Nilikuwa na mwanafunzi wa Kidato cha Pili aliyesinzia kila siku baada ya kipindi cha tatu, nami nilimkemea mbele ya wenzake, jambo ambalo ninalijutia. Nilipomtembelea nyumbani niligundua kwamba huamka saa kumi za alfajiri kukanda na kuchoma maandazi ambayo mdogo wake huyapitisha barazani, kisha huchota maji kisimani ndoo sita, ndipo avae sare. Kaka yake, aliyesoma darasa moja naye, huamka kwa adhana, anasali, anakunywa chai na maandazi hayo, anakuja skuli na macho makavu. Mama yao hakuwa mkatili. Aliniambia, "Mwalimu, mimi hata hiyo skuli sikuiona. Huyu kuna siku nampunguzia." Tulikubaliana kwamba kwa miezi mitatu ya kabla ya mtihani kaka achote maji. Wiki ya kwanza kijana alichekwa njiani na ndoo yake. Wiki ya nne wenziwe wawili walikuwa wakichota pia, kwa kuwa kisimani ndiko walikokuwa wakipiga gumzo. Mabadiliko hayo hayakuhitaji mradi, ila hayakuwa madogo.

Katika nchi nyengine masikini wamejaribu kuvigusa hivi vinavyoizunguka skuli. Bangladesh, kuanzia mwaka 1994, iliwalipa wasichana wa sekondari wa vijijini posho kwa masharti kwamba wahudhurie asilimia 75 ya siku za masomo, wapate angalau alama 45 katika mia, na wasiolewe kabla ya wakati, na madarasa yakajaa wasichana. Naipenda sera ile kwa sababu ilizungumza na baba kwa lugha anayoielewa, yaani binti aliyeko skuli akawa haigharimu nyumba. Na kule Niger, mwaka 1991, wanawake wa vijijini walianza kuweka akiba pamoja katika sanduku lao wenyewe, kwa kanuni walizoweza kuzishika kwa moyo bila ya kusoma. Mtindo huo umesambaa Afrika nzima na kufika kwetu, ambako zamani tulikuwa na upatu tu.

Sanduku la kikundi cha mama ni la bati, rangi ya buluu, lina kufuli tatu. Funguo tatu zinakaa kwa wanawake watatu ambao si wa ukoo mmoja, na sanduku lenyewe linakaa kwa wa nne. Kila Ijumaa baada ya Alasiri wanakaa duara kwenye mkeka, kila mmoja anaitwa kwa namba yake, anaweka hisa zake mbele ya macho ya wote, na fedha zinahesabiwa mara mbili kwa sauti. Nilidhani faida yake ni mkopo. Mama ndiye aliyenionesha faida iliyo kubwa zaidi. Ndugu akija kuomba fedha, na kwetu kumnyima ndugu ni dhambi ya kijamii isiyosahaulika, mwanamke hujibu kwamba fedha zipo sandukuni na funguo ziko kwa watu watatu. Halazimiki kusema hapana. Sanduku linamsemea, na hakuna uso uliovunjwa. Sijasoma mahali popote maelezo ya uwezeshaji yaliyonikaa kama hilo.

Mwaka jana, baada ya Idi, mama alinunua kiwanja. Ni kidogo, nyuma ya skuli, chenye minazi miwili, na kimelipwa kwa mgao wa sanduku, mauzo ya mwani na sehemu niliyoongeza mimi. Tulikwenda ofisini kwa sheha, kiongozi wa serikali katika shehia yetu, pamoja na muuzaji, mashahidi wawili na mdogo wangu wa kiume. Sheha aliandika hati ya mauziano kwa mkono wake, na alipofika kwenye mstari wa mnunuzi alimtazama mdogo wangu, akauliza kwa nia njema kabisa, "Tuandike jina la kijana?" Mdogo wangu alimgeukia mama. Mama alitaja jina lake, la baba yake na la babu yake, polepole, akisubiri kila moja liandikwe.

Kisha sheha akamsogezea kidau cha wino wa dole gumba. Mama alikirudisha upande wa pili wa meza na kuomba kalamu. Kuandika alijifunza ukubwani, usiku, kwa kufuatisha madaftari yangu ya chuo cha Kurani niliyoyaacha sandukuni mwake nilipokwenda dakhalia, yaani skuli ya bweni, na hakuwahi kuniambia. Aliandika majina matatu kwa herufi za Kiarabu, akianzia kulia, na kwa kuwa mstari wa nukta ulikuwa mfupi, jina la babu lilipanda juu kidogo ya karatasi. Sheha, ambaye naye amesoma chuoni kama sisi sote, aliyasoma kwa sauti na kugonga muhuri. Mama aliniomba nimsomee vipimo vya kiwanja mara mbili, akaagiza nakala tatu. Moja ninayo mimi, moja ipo kwa mdogo wangu, na ya tatu imo katika sanduku la buluu, chini ya vitabu vya hisa, nyuma ya kufuli tatu.